Namba za ajabu mgongoni: nani alivaa nini, na kwa sababu gani?

FundiJezi, Kariakoo

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni kuchapa majina na namba kwenye jezi. Nina fremu ndogo Kariakoo, mashine ya kukatia, mashine ya pasi na kibano cha kung'olea vipande. Timu za mitaani, za shule, za maofisini, zote zinapita mkononi mwangu, na karibu zote zinakuja na ugomvi uleule: nani apewe 10, nani apewe 7. Waliokosa hizo wanagombania 9 na 11.

Ndiyo maana juzi nilifurahi. Nahodha wa timu moja ya vijana wa Mbagala aliniletea orodha ya wachezaji, na kijana mmoja, winga wa kushoto, kaandika 0. Sifuri peke yake. Nahodha anasema huo ni utoto, refa hatakubali, niweke 16 yaishe. Kijana naye kanipigia simu, kwa adabu kabisa, akaniomba nisibadilishe kwanza. Jezi yake ipo hapa mezani, mgongo mtupu, inasubiri.

Mimi nipo upande wa kijana. Namba isiyo ya kawaida mara nyingi ina kisa, na kisa kizuri kinastahili kuchapwa. Ninachokipenda kuliko vyote ni cha Iván Zamorano, yule Mchile wa Inter Milan. Alikuwa na 9 yake. Mwaka 1998 akasajiliwa Roberto Baggio, akapewa 10. Hiyo 10 ilikuwa ya Ronaldo, yule Mbrazili, naye akahamia 9. Zamorano akabaki bila namba. Akachukua 18, na katikati ya 1 na 8 ikawekwa alama ndogo ya kujumlisha: 1+8. Mtoto wa darasa la kwanza akisoma mgongo ule anajua jamaa bado ni namba tisa. Hakususa, hakumnunia mtu, alitafuta njia na akaendelea kufunga.

Cha pili ni cha Gianluigi Buffon, na hiki nakielewa kama fundi. Ukikata 8, yale matundu mawili unayang'oa kwa kibano, moja baada ya jingine, kabla ya kuipiga pasi. 88 ina matundu manne. Buffon alipokuwa Parma mwaka 2000 alitaka 00, wakamkatalia, akachagua 88, akaeleza kwamba yeye anaona mipira minne mle ndani, na kwa Waitalia kuwa na mipira ni usemi wa uanaume na ujasiri. Jumuiya ya Wayahudi wa Italia ikalalamika, na ilikuwa na haki: H ni herufi ya nane, na wafuasi wa Hitler huandika 88 kumaanisha HH, salamu yao ya "Heil Hitler". Akaivua, akavaa 77. Mwaka 2023 Italia ikaipiga marufuku 88 kwenye soka lake lote. Tangu nilipokisoma kisa hicho, mtu akiniletea 88 namuuliza kwanza anajua inabeba nini.

Sasa naomba msaada wenu. Nataka visa vya kweli vya wachezaji wa kulipwa waliovaa namba za ajabu, mchezo wowote. Orodha tupu ipo kila mahali, mimi nataka kujua mtu alivaa kwa ajili ya nini. Na anayejua sheria aniambie: hii 0 ya kijana inachapika au haichapiki?

Mwana_Kisauni, Mombasa

Fundi, salaam. Namba yangu ni 67, na mwenye nayo ni wa kwetu: Victor Wanyama.

Wanyama alitua Celtic ya Glasgow mwaka 2011 akitokea Beerschot ya Ubelgiji. Kijana wa miaka 20, kiungo mkabaji, mgeni wa mji na wa baridi yake. Wachezaji wa umri ule wakifika timu kubwa huomba namba ndogo ili waonekane wamefika. Yeye akavaa 67 kuwaheshimu waliomtangulia.

Waliomtangulia ndio hawa. Tarehe 25 Mei 1967, jijini Lisbon, Celtic ilicheza fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya na Inter Milan ya Helenio Herrera. Inter walitangulia mapema kwa penalti ya Mazzola. Kisha wakarudi nyuma wote kulinda, kama ilivyokuwa desturi yao. Celtic wakashambulia bila kupumzika: Gemmell akasawazisha kipindi cha pili, Chalmers akamaliza kazi dakika zikiwa zimebaki chache. 2–1. Ilikuwa klabu ya kwanza ya Uingereza nzima kulibeba kombe lile, na wachezaji wote walikuwa wamezaliwa ndani ya maili 30 kutoka uwanja wao wa nyumbani. Wanaitwa Simba wa Lisbon mpaka leo.

Sasa hapa fundi utapapenda. Simba wale hawakuwa na namba mgongoni! Celtic walikataa kabisa kuichafua ile mistari yao ya kijani na nyeupe. Tangu 1960 namba zao ziliwekwa kwenye bukta, kubwa kubwa. Tafuta picha za Lisbon uone: mgongo mtupu, namba pajani. Waliendelea hivyo kwenye ligi yao mpaka 1994, wakuu wa ligi walipowalazimisha. Kwa hiyo wale mabingwa hawakubeba namba yoyote migongoni mwao, na baadaye mwaka wao ukaja kubebwa na kijana aliyezaliwa Nairobi. Mimi hilo linanigusa sana.

Na hakuivaa bure. Tarehe 7 Novemba 2012, Ligi ya Mabingwa, Barcelona walikuja Glasgow. Klabu ilikuwa imetimiza miaka 125 siku moja kabla. Sisi tulikuwa kwenye banda la video hapa Kisauni, watu wamejaa mpaka mlangoni, wengi wao mashabiki wa Messi, nawaambia ukweli. Dakika ya 21 Mulgrew akapiga kona, Wanyama akapanda akaipiga kichwa, wavu. Banda zima likageuka la Celtic. Watu ambao hawakuijua Glasgow iko wapi walikuwa wanakumbatiana. Tony Watt akaongeza la pili, Messi akapata moja mwishoni, ikaisha 2–1. Matokeo yaleyale ya Lisbon. Wiki ile watoto wa mtaani kwetu waliandika 67 kwa kalamu ya wino kwenye fulana zao.

Na kuna jingine. Waliofungwa Lisbon ni Inter Milan. Kakake Wanyama ni McDonald Mariga, na Mariga alikuwa kwenye kikosi cha Inter msimu wa 2010 walipotwaa kombe hilohilo. Familia moja ya Nairobi ikawa na mtoto kila upande wa fainali ya 1967. Babao, Noah Wanyama, alichezea AFC Leopards na Harambee Stars, kwa hiyo mpira kwao ni urithi.

Alipohamia Southampton mwaka 2013 hakwenda na 67. Ilikuwa ya Glasgow, ikabaki Glasgow. Huyo kijana wako wa Mbagala kama ana sababu ya namna hii, mchapie.

RefaKikapu, Dodoma

Mkuu FundiJezi, umenigusa kwenye taaluma yangu. Mimi ni mwamuzi wa mpira wa kikapu, na kwetu namba si pambo. Ni lugha ya mkono. Mchezaji akifanya faulo, namwonyesha mwandishi mezani namba yake kwa vidole, kelele zikiwa juu, bila kufungua mdomo.

Kama umewahi kuchapa jezi za kikapu za zamani utakumbuka zilianzia 4 zikaishia 15. Hakuna 1, 2 wala 3. Sababu ni kwamba kidole kimoja, viwili na vitatu vina kazi zake: pointi, mitupo huru. Mchezaji akivaa 2, nikionyesha vidole viwili mezani hawajui ni faulo ya nani au ni pointi ngapi. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, walibaki na mpangilio huo kwa miaka mingi. Mwaka 2014 ndipo wakafungua mlango: 0, 00, na 1 mpaka 99. Sisi waamuzi tukajifunza upya. Namba kama 16, naonyesha kwanza kiganja kilichogeuzwa kwa makumi, kisha viganja vilivyo wazi kwa mamoja. Kwa hiyo kwetu kijana wako anavaa 0 yake kwa raha zote.

Vyuo vya Marekani nao walikuwa na sheria yao: kila tarakimu iwe kati ya 0 na 5, ili mkono mmoja utoshe kuionyesha. 6, 7, 8, 9 hazikuwepo. Waliiondoa 2023 tu. Sasa rudi nyuma uangalie Waafrika waliopitia kule. Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa, alivaa 55 chuoni Georgetown. Hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote zilizowezekana chini ya sheria ile. Akaenda nayo NBA, akazuia mipira kwa misimu 18 huku akiwatikisia washambuliaji kidole, na 55 yake imetundikwa juu Denver na Atlanta, hakuna atakayeivaa tena. Amefariki Septemba 2024. Huko nyumbani kwao alijenga hospitali aliyoipa jina la mama yake, kwa hiyo mimi nikiona 55 sifikirii kikapu peke yake. Na Hasheem Thabeet wetu, alipokuwa UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, alivaa 34. Tarakimu zote mbili ziko ndani ya mkono mmoja. Akachaguliwa wa pili kwenye usajili wa NBA mwaka 2009, akaingia Memphis na 34 yake.

Kwa upande wa ajabu zaidi kuna Dennis Rodman. Alizoea 10. Alipofika Chicago Bulls 1995 akakuta 10 imeshastaafishwa kwa heshima ya Bob Love. Akachukua 91. Jumlisha. Ni dawa ileile ya Zamorano, na Rodman alitangulia kwa miaka mitatu.

Na kisa cha Michael Jordan nakuletea wewe hasa, kwa kuwa ni kisa cha fundi. Tarehe 14 Februari 1990 Bulls walikuwa Orlando. Kabla ya mechi jezi yake 23 ikaibwa chumba cha kubadilishia nguo. Wakatafuta jezi nyingine ya 23, hakuna. Wakatoa jezi ya akiba iliyokuwa na 12, mgongoni haina jina. Jordan akacheza nayo, akafunga pointi 49, na timu ikapoteza baada ya muda wa nyongeza. Mchezaji maarufu kuliko wote duniani alicheza usiku mzima bila jina. Tangu niisome hiyo, timu ninazozishauri hapa Dodoma naziambia zichape jezi mbili tupu za akiba.

DadaWaMwanza

Kaka Fundi, mimi si mtaalamu ila mdogo wangu anashangilia Manchester City na amenifundisha hili. Phil Foden anavaa 47 kwa sababu babu yake Walter alifariki akiwa na miaka 47. Ametoka akademi nayo, akakua, akawa nyota, angeweza kuomba 10 yenyewe na akapewa. Kabaki na ya babu. Shingoni ana tatuu yake.

Nyumbani kwetu tuna babu tuliyempoteza mapema, kwa hiyo nilipoambiwa nikanyamaza. Kabla hujamkatalia kijana muulize vizuri, huenda kuna mtu.

Na magolikipa wetu wa hapa je? Djigui Diarra wa Yanga alivaa 39, Aishi Manula pale Simba alivaa 28. Watoto wadogo wakicheza kipa huku Mwanza wanajiita 39, hiyo 1 hawaitaji.

FundiJezi, Kariakoo

Nimesoma yote mara mbili. Mwana_Kisauni, nimezitafuta hizo picha za Lisbon. Kweli tupu, namba zipo pajani! Kesho nawaonyesha mafundi wenzangu.

Dada, ushauri wako nimeuchukua, nitamuuliza kijana kwa utaratibu. Refa, asante, ila huyu ni wa mpira wa miguu. Wa mpira wa miguu wako wapi?

KochaWaZamani, Tanga

Vijana wangu, nimewasoma kwa makini. Mimi nimefundisha timu za daraja la chini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na naomba niwaeleze upande wa pili.

Namba ililetwa ili mtazamaji ajue nani anacheza wapi. Tarehe 25 Agosti 1928 Arsenal na Chelsea, kila mmoja kwenye mechi yake, walivaa namba kwenye ligi ya Uingereza kwa mara ya kwanza. Fainali ya Kombe la FA ya 1933 ikawa na mpango mwingine: Everton walivaa 1 mpaka 11, Manchester City wakavaa 12 mpaka 22, na 22 ndiyo ilikuwa ya kipa wa City. Mnaona? Namba moja kwa kila mtu uwanjani, hazirudiwi. Dixie Dean alikuwa 9 siku ile, na Everton wakashinda 3–0. Baadaye ikakubalika kila timu iwe na 1 mpaka 11 yake. Sisi tuliofuata mpira kwa redio tulilelewa na hiyo. Ukisikia beki namba tatu, unamwona kushoto. Ukisikia namba nne na namba tano, unawaona katikati wamesimama. Kocha akikwambia leo unacheza sita, alikuwa anakupa kazi.

Ndiyo maana yalinisumbua mambo ya Argentina. Kombe la Dunia la 1978, nyumbani kwao, walipanga namba kwa alfabeti. Norberto Alonso, kiungo, akapata 1. Kipa Ubaldo Fillol akapata 5. Mario Kempes akaangukiwa na 10 kwa bahati ya jina lake tu, na akawa mfungaji bora na bingwa nayo. Mwaka 1982 wakarudia: Osvaldo Ardiles, kiungo mwembamba, yuko na 1 mgongoni. Ila alfabeti ilipomfikia Maradona ikasimama. Akaachiwa 10. Waholanzi mwaka 1974 walifanya vivyo hivyo: mshambuliaji Ruud Geels 1, kipa Jan Jongbloed 8, na Johan Cruyff akabaki na 14 yake. Leo hii haiwezekani kwenye Kombe la Dunia, 1 ni ya kipa kwa kanuni.

Na Brazil ya 1958 nayo niiseme, maana inapingana na mimi mwenyewe na bado naipenda. Orodha yao ilifika bila namba, zikapangwa na mtu mwingine. Kipa Gilmar akacheza na 3. Zagallo, winga wa kushoto, 7. Garrincha, winga wa kulia, 11. Na mtoto wa miaka 17 akapewa 10. Huyo ni Pelé. Ugomvi wa 10 unaoumiza kichwa chako pale Kariakoo ulipata nguvu pale Sweden.

Kuna namba moja ambayo hata mimi nainuka nikiisikia. Ni 23 ya Manchester City. Marc-Vivien Foé wa Cameroon aliivaa msimu wa 2002/03 akiwa kwa mkopo kutoka Lyon, na ndiye aliyefunga goli la mwisho la City kwenye uwanja wao wa zamani, Maine Road. Tarehe 26 Juni 2003, nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia, mjini Lyon, alianguka katikati ya uwanja hakuna aliyemgusa. Moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 28. City wakaiondoa 23, hakuna aliyeivaa tena. Nilikuwa natazama siku ile na wachezaji wangu, na kesho yake hatukufanya mazoezi.

Kipenga_Unguja

Mzee Kocha, shikamoo. Umeeleza vizuri mno.

Fundi, jibu la sheria hili hapa. Zile Sheria 17 za mpira wa miguu, ukisoma ya nne inayohusu vifaa, zinataja jezi yenye mikono, bukta, soksi, vikinga ugoko na viatu. Namba haimo kwenye vifaa vya lazima. Namba zinawekwa na kanuni za kila shindano. Kwa hiyo refa wa mechi ya kirafiki hana sababu ya kumtoa kijana mwenye 0. Kwenye kombe lenye kanuni zilizoandikwa, nahodha asome karatasi ya kanuni.

Na hiyo 0 imeshavaliwa na mchezaji wa kulipwa, mwenzetu wa Afrika. Hicham Zerouali, Mmorocco wa Rabat, alikwenda Aberdeen ya Scotland mwaka 1999. Jina lake lilikuwa gumu mdomoni mwa mashabiki wa kule, wakamkatishia wakamwita "Zero". Klabu ikampa 0. Alikuwa mfupi, mwepesi, anapiga mipira ya adhabu inayopinda hata kipa anaduwaa. Baada yake Scotland wakafunga mlango, 0 hairuhusiwi tena kwenye ligi yao. Zerouali alirudi nyumbani, na Desemba 2004 akafariki kwa ajali ya gari Rabat, akiwa na miaka 27. Watu wa Aberdeen bado wanamtaja kwa mapenzi. Mwambie kijana asome habari zake.

Mrundi_Montreal

Bwakeye, wakubwa. Niko Montreal, Kanada, nimezaliwa Bujumbura. Wanyama tulimwona kwa macho yetu hapa: alikuja 2020, akacheza mpaka 2023, kocha wake wa kwanza hapa akiwa Thierry Henry. Hapa alivaa 2.

Kwenye mpira wa magongo wa barafu namba kubwa ndizo zenye heshima. Wayne Gretzky alimpenda Gordie Howe, aliyevaa 9. Mwaka 1977, akiwa kijana, akaenda timu ambayo 9 ilikuwa na mwenyewe, akaishia kuvaa 99. Akavunja rekodi karibu zote, na tangu 2000 hakuna mchezaji wa timu yoyote ya NHL, ligi kuu ya mchezo huo, anayeruhusiwa kuivaa. Mario Lemieux, mtoto wa hapa Montreal, akavaa 66, ambayo ni 99 iliyopinduliwa. Fundi, wewe unaweza kuwahudumia wote wawili kwa mkato mmoja.

Ila anayenikaa moyoni ni Jaromír Jágr, Mcheki. Namba yake ni 68. Agosti 1968 vifaru vya Kisovieti viliingia Czechoslovakia kuzima mageuzi, na babu yake alifariki mwaka huohuo. Yeye mwenyewe alizaliwa 1972. Akaja Amerika akiwa kijana mdogo na 68 mgongoni, na popote alipocheza kila aliyemuuliza alielezwa. Mtu aliyekulia nchi zetu za Maziwa Makuu anaelewa kwa nini mtu atembee na mwaka mgongoni.

Na 42. Jackie Robinson alicheza Montreal mwaka 1946, kwenye timu ya chini, kabla ya kuingia ligi kuu ya besiboli ya Marekani 15 Aprili 1947, Mweusi wa kwanza wa zama zile kuvunja ule ubaguzi. Mwaka 1997 timu zote za ligi ziliistaafisha 42. Waliokuwa nayo wakaruhusiwa kumaliza nayo, wa mwisho ni Mariano Rivera mwaka 2013. Sasa kila 15 Aprili wachezaji wote wa timu zote wanavaa 42. Uwanja mzima namba moja, huwezi kujua nani ni nani, na hiyo ndiyo nia. Sanamu ya Robinson ipo hapa mjini, nikipita na wanangu nawasimamisha.

FundiJezi, Kariakoo

Nimemaliza kazi na nimerudi kutoa taarifa.

Kijana amekuja leo mwenyewe. Nilimuuliza. Hana babu kwenye namba hiyo, Dada, wala hakuwahi kumsikia Zerouali. Ameniambia timu yao ya kwanza alipokuwa mdogo haikuwa na jezi za kutosha, yeye akicheza na fulana ya nyumbani isiyo na namba, na wenzake walimwita Sifuri. Waliomwita hivyo sasa ndio wanampigia pasi, na jina bado analipenda. Nikampa simu yangu asome alichoandika Kipenga_Unguja, akasoma mpaka mwisho kuhusu Rabat.

Nahodha naye nimemwonyesha. Karatasi ya kanuni za kombe lao inasema 1 mpaka 99. Kwa hiyo tumekubaliana jezi mbili: 0 kwa mechi za kirafiki na mazoezi, na 67 kwa kombe. Hiyo 67 kaichagua mwenyewe baada ya kusoma ya Wanyama. Zote nimeshazipiga pasi. 0 nimeikata ndefu kidogo kuliko kawaida ili isionekane kama herufi.

Mzee Kocha, shikamoo. Hilo la kipa wa City kuvaa 22 mwaka 1933 nimelipenda sana. Kama kuna mwenye kisa kingine cha magolikipa aweke, usiku huu nina jezi za shule nzima za kukata.

Mwana_Kisauni, Mombasa

Cha golikipa ni hiki. Rogério Ceni wa São Paulo, kipa aliyefunga zaidi ya magoli 100 kwa mipira ya adhabu na penalti. Kawaida yake alivaa 01. Mwaka 2005 alipofikisha mechi 618 na kuweka rekodi ya kuichezea klabu ile, walimchapia 618 mgongoni. Tarakimu tatu, kwenye jezi ya kipa. Fundi, hizo utazipangaje zikae bila kugusa mshono wa ubavuni?

FundiJezi, Kariakoo

Unapunguza upana wa kila tarakimu, urefu unauacha. Na 1 ikiwa katikati umepona, maana ndiyo nyembamba kuliko zote. Angecheza mechi 888 ningekuwa na matundu sita ya kung'oa.